Tabo au Supachaja kwa Gari la Wagonjwa

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tumeamka salama na tunaendelea hivyo. Mama amepata miwani, na tangu aipate anaona vumbi ambalo zamani halikuwapo. Nyumba nzima tunafagia.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Unajua kwamba gari la Baba ndilo linalobeba wagonjwa kutoka zahanati yetu hadi hospitali iliyo ng'ambo ya mlima. Siku hizi likimbeba mgonjwa, ndugu zake wawili, mimi na Baba, hufika kwenye mawe ya katikati ya mlima likakata tamaa. Ndugu hushuka wakasukuma. Juma lililopita mgonjwa mwenyewe aliomba ashuke ili atupunguzie uzito.

Mganga mkuu wa zahanati amevumilia vya kutosha. Amesema kabla ya Julai atapanda yeye mwenyewe gari likiwa limejaa. Likifika juu bila kusukumwa, kazi itabaki kwa Baba. Lisipofika, litakodiwa gari jingine, na lililo karibu linaweza kuja huku mara moja tu kwa juma. Atakayeugua siku nyingine itabidi asubiri zamu yake.

Baba anataka kuifungia injini supachaja. Muuza vipuri wa mjini anamwambia anunue tabo. Mimi ni mwuguzi: najua kutafuta mshipa, sijui kutafuta hitilafu. Wewe umefundisha mafundi wa injini hadi wengine wamestaafu. Kati ya hivyo viwili, kipi kinafaa?

Baba hajui kwamba nakuandikia. Samahani, sasa anajua, kwa sababu amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema nikusalimu.

Ni mimi mwanao


Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mpongeze mama yako kwa miwani, na umwambie vumbi lilikuwapo siku zote. Huku mimi ni mzima. Mguu huuma asubuhi na kupona saa ya kula, kwa hiyo bado sijauamini. Fundi cherehani wa mlango wa pili ameolewa, akiwa na umri wa kutosha kujua anachokifanya.

Mwambie baba yako kwamba salamu zake nimezipokea, ingawa salamu hutumwa na mtu mwenye nia ya kuzungumza. Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwuliza kama mgongo wake umepona. Akanijibu kwamba paa limekwisha, ahsante, kisha akakata. Nikapiga tena. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, kabisa," kabla sijauliza kitu. Mimi ni dada yake mkubwa. Spana ya kwanza maishani mwake nilimshikisha mimi. Kama ana jambo nami, aliseme.

Sasa gari. Tabo na supachaja zina kazi moja: kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe, ili iweze kuchoma mafuta mengi zaidi na kupata nguvu. Tofauti ni nani anayezizungusha. Supachaja huzungushwa kwa mkanda na injini yenyewe, kwa hiyo inakula sehemu ya nguvu inayoileta. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka nje, moshi ambao ungepotea bure. Mimi huchagua tabo. Sipendi kifaa kinachokuja kusaidia kikiwa na njaa.

Hata hivyo sitoi uamuzi kuhusu injini nisiyoijua. Nijibuni mambo matatu. Injini inaanzia wapi kuchoka, ikiwa baridi na ikiwa moto? Moshi wake una rangi gani na harufu gani? La tatu ndilo kubwa: mkipanda saa sita mchana mkiwa na mzigo, je, inagonga? Namaanisha mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe. Mlio huo maana yake ni kwamba petroli inajilipukia kabla ya wakati kwa sababu ya joto na shinikizo. Ukiiongezea hewa injini inayogonga, unatoboa pistoni. Pistoni ikitoboka katikati ya mlima, mgonjwa wako atalala hapo hapo. Dereva anayeusikia mlio huo huondoa mguu kwenye mafuta, na injini hupona.

Baba yako aliwahi kuusikia akiwa upande wa pili wa barabara, anakunywa chai, akamsimamisha mwenye gari. Hili halitamshinda.

Shangazi yako


Tarehe 24 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na wagonjwa wengi wa kuhara, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka hata kuvua viatu. Mguu wako nimeufikiria kiuguzi: kama unapona saa ya kula, jaribu kula asubuhi.

Haya ni majibu ya Baba, nimeyaandika kama alivyoyasema. Injini ikiwa baridi huchoka baada ya mawe. Ikiwa moto huchoka kabla ya mawe, na usukani huanza kumtetemekea katika kidole gumba cha kushoto. Moshi ni wa kijivu, mwepesi, na harufu yake ni ya petroli tupu wala si ya oili. Anasema plagi amezitoa zote na rangi yake ni ya kahawia, safi. Anasema kanyagio la mafuta linampiga chini ya unyayo mara gari linapoelekea kuzima, na hivyo hujua mapema.

Mimi naongeza la kwangu, ambalo hukuuliza. Njia ile haipandwi kwa mwendo. Ni ngazi za mawe. Baba hukanyaga mafuta kidogo, gurudumu hupanda jiwe, huachia, gurudumu hushuka, hukanyaga tena. Mimi nyuma nimeshika chupa ya dripu kwa mkono mmoja na bega la mgonjwa kwa mwingine. Gari likiruka ghafla sindano huchomoka mshipani, na kumtafutia mgonjwa mshipa mwingine juu ya mawe ni kazi ambayo simwombei adui.

Baba anasema sasa una majibu yote.

Ni mimi


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekula asubuhi kama ulivyoagiza. Mguu umeuma hadi saa ya kula ya pili.

Niliuliza mambo matatu nikajibiwa mawili. Mwambie baba yako bado najua kuhesabu.

Lakini maneno yako kuhusu dripu yalinifanya niweke barua chini nikaenda kusimama mlangoni. Mimi nilikuwa nikifikiria mlima. Sikumfikiria aliyelala nyuma. Tabo ina tabia moja isiyobadilika: ukikanyaga mafuta injini ikiwa inazunguka polepole, moshi hautoshi kuizungusha, kwa hiyo inalala. Moshi unapotosha inaamka, na nguvu yote huja kwa pamoja, sekunde moja baada ya kuitwa. Barabarani hilo ni jambo la kuzoea. Kwenye ngazi za mawe, mtu anayekanyaga na kuachia kama unavyoeleza atakuwa ameshaachia wakati nguvu inafika, au gurudumu litakuwa juu ya jiwe lenye unyevu. Gari litaruka, na sindano yako nayo. Zipo tabo ndogo zinazoamka mapema, lakini katika mwendo kama huo hata hizo sitazidhamini.

Supachaja hufuata mguu. Ukikanyaga kidogo inaleta kidogo, papo hapo. Kwa njia hii na kwa mzigo huu, supachaja ndiyo inayofaa, na iwe ndogo. Itakula petroli zaidi, na hilo livumilieni. Mwambie baba yako ameshinda, na kwamba sitaki barua ya kujisifu.

Ila isifungwe hata bolti moja kabla sijajibiwa lile la tatu. Inagonga au haigongi? Kuna nini katika swali hili hata mtu anizungushe namna hii?

Shangazi yako


Tarehe 8 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mama anakusalimu kupitia miwani yake.

Supachaja imepatikana, ndogo kama ulivyosema, kutoka kwenye gari lililogongwa ubavuni. Baba ameisafisha juu ya meza ya kulia chakula. Tunakula tukiwa tumeshika sahani magotini, na Mama amesema kati ya meza na ndoa atachagua meza. Baba amekwisha tengeneza vishikio vya kuifungia na ametafuta mkanda. Hajaifunga. Anasubiri neno lako, ingawa hasemi kwamba anasubiri.

Kuhusu swali lako la tatu, nilimwuliza tena jioni moja akiwa ananawa mikono. Alisema niandike hivi: "Inalia kama injini inavyolia." Nikamwambia, "Baba, Shangazi atanichapa kwa posta." Akacheka, akanitazama mdomo, akasema, "Andika hivyo hivyo."

Kuna jambo ambalo nimemwahidi Baba kwamba sitalisema kwa mtu wala kuliandika, na ahadi hiyo inanikaa vibaya kila ninapopanda nyuma ya gari lile na mgonjwa. Lakini sikuahidi kunyamaza kuhusu bisibisi, kwa hiyo nitakueleza kuhusu bisibisi. Zamani, injini ikiwa inanguruma, Baba aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni. Siku hizi huweka ncha pale pale, na mpini huubana kwa meno. Hufumba macho. Mafundi wenzake wanadhani ni utani.

Najua kwamba huu si uungwana. Niambie la kufanya.

Ni mimi


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara moja, nikawaruhusu vijana wa gereji kwenda nyumbani mapema. Walidhani naumwa.

Sikuulizi neno, na wewe ahadi yako umeitimiza. Nitasema tu kuhusu bisibisi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka mpini sikioni. Fundi anayeuma mpini ameacha kulitegemea sikio. Anauomba mfupa wa taya umletee mtetemo. Ni njia nzuri, na ni fundi hodari anayeigundua mwenyewe. Lakini haiwezekani kwa mtu aliyeshika usukani. Zile simu mbili pia nimezielewa sasa, na hasira niliyokuwa nayo sijui niipeleke wapi.

Nisikilize kwa makini. Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake mna kihisi kidogo cha chuma chenye tundu katikati, waya, na taa nyekundu. Kihisi kifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa injini, katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Taa ikae mbele ya dereva, juu ya usukani, isifichwe na mkono. Injini ikigonga, kihisi huhisi pigo na taa huwaka. Ikiwaka, mguu uondoke kwenye mafuta, bila mjadala. Nimeijaribu kwenye injini ya gereji, inafanya kazi.

Baba yako atauliza kwa nini. Mwambie neno hili, na ni la kweli: supachaja hupiga mluzi, na mluzi huo hufunika mlio wa kugonga. Hata mwenye masikio mazuri hatausikia vizuri. Anayetaka kuamini kwamba taa ni kwa sababu ya mluzi, mwache aamini.

Ifungeni supachaja. Lakini taa isipokuwapo, wewe usimpandishe mgonjwa katika gari hilo. Hapo sizungumzi kama shangazi. Naagiza kama fundi.

Shangazi yako


Tarehe 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haya nikiwa nimepumzika siku nzima, kwa hiyo usiogope ukiona mwandiko umetulia.

Baba alifunga supachaja, na alifunga taa pia. Nilimnakilia agizo lako tu kwenye karatasi nyingine, akalisoma, akasema, "Dada anapenda mataa." Lakini asubuhi ya jaribio nilipoingia garini nilikuta juu ya taa pamebandikwa utepe mweusi wa umeme. Nikauliza. Akasema inamwakia machoni. Ilikuwa haijawahi kuwaka hata mara moja.

Sikubishana, kwa sababu mganga mkuu alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele na tulikuwa na mgonjwa wa kweli: mama mjamzito ambaye mtoto wake alikaa vibaya tumboni. Ndugu zake wawili walikuwa nasi. Gari lilijaa kama mganga alivyotaka.

Shangazi, lilipanda. Kwenye mawe lilikwenda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Chupa ya dripu ilining'inia mkononi mwangu bila kuruka. Mama yule akaniuliza kama tumeshaanza kupanda. Mganga akapiga goti lake akasema, "Mzee, hii umeipa uchawi gani?" Baba hakujibu. Mganga akadhani ni majivuno.

Tulipopita kona ya mwisho kabla ya kilele jua lilikuwa kali, na nikausikia. Chini ya mluzi, mwembamba. Kokoto ndani ya mkebe. Mganga hakuujua, akaendelea kusifu. Baba alikuwa ameukaza mguu, anatabasamu. Nikaita, "Baba!" Nikaita tena. Mgonjwa ndiye aliyeshtuka. Nikamkabidhi ndugu yake chupa, nikapenyeza mkono kati ya viti, nikaubandua ule utepe.

Taa ilikuwa inawaka nyekundu kama jeraha. Baba aliiona, na mguu ukaondoka hapo hapo. Taa ikazima. Tukamaliza kupanda polepole, taratibu kama maandamano ya mazishi, tukafika juu bila kusukumwa.

Kule juu alisimamisha gari na kunigeukia.

"Ilikuwa inagonga?"

"Ilikuwa inagonga, Baba."

"Tangu wapi?"

"Tangu kwenye kona."

Alitazama kona ile, mbali sana chini yetu. Mganga akamtazama yeye. Akamwuliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Mzee, wewe hukusikia?" Baba akaniangalia mimi ili nirudie swali. Mganga akaelewa bila mtu kumweleza.

Mama yule alifika hospitali na alipasuliwa salama. Ni mtoto wa kike, ana sauti kubwa.

Mganga amesema gari limefaulu. Kuhusu dereva, amesema atatoa jibu baada ya masikio kupimwa na daktari, nako kupimwa kuwe kabla ya Julai. Kukiwa na kifaa cha kumsaidia kusikia, na taa ikiwa wazi, haoni sababu ya kutafuta mtu mwingine. Huku hakuna anayepima masikio, na Baba amesema hana safari. Tangu siku ile anakaa uani na supachaja yake. Mama amemwandikia kwenye karatasi kwamba chakula kiko tayari, naye Baba akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akaja kula.

Mimi nimeshindwa. Yeye hanisikilizi, na hilo silisemi kwa utani. Yamebaki majuma matatu kufika Julai.

Ni mimi


Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii ni yako. Binti yako atasubiri yake.

Nimeambiwa kuhusu kona. Usimgombeze, asingebandua ule utepe, sasa hivi ungekuwa unatafuta pistoni. Kabla ya yote, sikia kosa la kifundi. Puli uliyoifunga kwenye supachaja, kile kigurudumu cha mkanda, ni ndogo mno kwa jua la huko. Inaizungusha kasi, hewa inaingia ikiwa imebanwa na imepata moto, na ndiyo maana injini iligonga. Weka puli kubwa zaidi kidogo. Utapoteza nguvu kidogo kileleni, lakini mawe utayapanda vile vile. Kwamba ulichagua supachaja mapema kuliko mimi, nimekwisha kiri na sitakiri tena.

Sasa sikiliza, au soma, ni mamoja. Mji huu una hospitali yenye chumba cha kupima masikio. Nimekwenda kuuliza. Mpimaji ni kijana mwenye adabu, na ana vifaa vidogo vinavyokaa nyuma ya sikio kama kalamu ya seremala. Nimemwuliza kama vinavumilia vumbi na oili, amesema vinafutwa tu. Sikulipenda jibu hilo, lakini yeye nimempenda.

Mganga wenu anataka karatasi ya daktari kabla ya Julai. Watu wa mlima ule wanataka gari linalokuja siku yoyote wanayougua. Mimi nataka mtu wa kubishana naye kuhusu injini, kwa sababu vijana wa hapa hukubali kila ninachosema, na hivyo hakuna anayejifunza.

Njoo. Usipande basi, endesha gari mwenyewe, na binti yako akae kiti cha pembeni. Lete gari, lete supachaja, lete na hayo masikio. Vyote nitavishughulikia kwa zamu, na nitaanza na supachaja ili usione haya mbele ya majirani.

Ni mimi dada yako